Uzi wa Damu ya Mzee

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, wala hawakusema hivyo kwa kukosa la kusema. Mkulima wa kweli, mvua ikigonga paa, huchukua jembe lililo karibu na mlango hata kama mpini wake umepinda, akaenda zake kulima. Mchagua jembe hubaki dukani. Hulipima hili kwa mkono, hulibisha lile kwa ukucha asikie linavyolia, hulisifu la tatu, na akisifiwa jicho lake la kuchagua hufurahi kama aliyekwisha kuvuna. Mvua haimngoji. Tena watu wa namna hii si wavivu, na hapo ndipo penye msiba wenyewe. Mvivu ungemjua mapema ukamwacha, lakini mchagua jembe hushinda kutwa akihangaika, na jasho linamtoka kwelikweli. Hadithi hii ni ya mwanamke mmoja, fundi hodari, ambaye hakuwahi kushika jembe maishani mwake. Jembe lake lilikuwa uzi.

Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule, na watu wa mtaani walimwita Fundi tu. Chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na baba yake ndicho kilichokuwa kiwanda. Chini ya dirisha zilisimama mashine mbili za kufumia, kando yake meza ya kuungia mikono na kola, na sakafuni marundo ya sweta yaliyomfika kiunoni. Sweta zote zilikuwa za kijivu au za bluu ya giza, kwa kuwa shule za mji ule wa baridi hazikujua rangi nyingine. Fundi aliamka na kijivu, akashinda na kijivu, hata akipenga kamasi zilitoka na vumbi la kijivu. Msimlaumu basi mkisikia kwamba alipenda rangi. Alizipenda kama mtoto apendavyo peremende, na chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lililojaa nyuzi za sufu za kila rangi, alizozinunua moja moja na kuzifungia humo. Ukimuuliza anataka kufuma nini, atakujibu, "Bado natafakari."

Baba yake alijulikana kama Mzee Nati. Ujana wake wote aliumalizia kwenye reli, akitembea juu ya mataruma na spana ndefu begani, akikaza nati zilizolegea. "Treni zote zilizopita salama," alipenda kusema, "zilipita kwa idhini yangu." Miguu ile ndiyo iliyomsomesha Fundi, ikamnunulia na mashine zake. Lakini uzeeni kisukari kilimwingia, na taratibu miguu ikafa ganzi kuanzia vifundoni kwenda chini. Mzee hakulia. Aliifanyia mzaha.

"Miguu hii siku hizi ni ya jirani," alisema. "Mimi naiazima tu kwenda msalani."

Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kuachana na viatu vyake vya reli, vizito, vyenye ngozi ngumu kama ubao. Enzi za uhai wake, mama yake Fundi alikuwa akimfumia soksi za kuvalia viatu hivyo. Jozi ya mwisho aliyomwachia ilikuwa imelika kiasi kwamba sasa yalibaki matundu yaliyozungukwa na soksi.

Siku moja Fundi alimpeleka kliniki. Muuguzi, dada mmoja mwenye maneno machache, alimketisha, akamvua viatu na kumgusa wayo kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia, baba?"

"Nasikia nini?"

"Basi umeshanijibu," alisema muuguzi, na akamgeukia Fundi. "Dada, mguu usiosikia hauwezi kujitetea. Kiatu kikimkwaruza hatajua. Soksi za dukani zina mpira, zinambana, damu haipiti vizuri. Huyu anataka soksi za sufu, laini, zisizobana, nene kisigino. Na viatu asivivae bila soksi hata siku moja. Unamjua mtu wa kumfumia?"

Mzee Nati alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hapo umemuuliza mpishi kama anaijua chumvi."

"Niachie mimi," Fundi alisema. "Jumapili hii atakuwa nazo." Ahadi hiyo aliitoa kwa moyo mweupe kabisa. Alimpenda baba yake kuliko kitu chochote duniani, na kumfumia soksi kulikuwa kwake kazi ya siku mbili tatu, tena kazi ya raha.

Walipofika nyumbani, mzee aliketi chumba cha mbele na kumwambia alilete sanduku, atoe uzi wowote waanze.

"Wowote upi, baba?"

"Huo mwekundu."

"Huo wa shali."

"Huo wa kahawia, basi."

"Huo bado sijajua ni wa nini."

"Basi nakujulisha mimi. Ni wa soksi."

Fundi alicheka. Akasema uzi ule una ukakasi kidogo, haufai kugusa mguu mgonjwa. Mzee akamwonyesha bonge la kijivu kando ya mashine. "Baba!" Fundi alimaka. "Nikuvishe sare ya shule? Si ulishamaliza shule wewe?"

"Sikumaliza. Niliacha darasa la tatu. Pengine wananitaka nirudi."

Walicheka wote wawili, na mambo yakaishia kwenye kicheko. Fundi alijitanda, akashika njia kwenda dukani kwa Mama Marangi.

Mama Marangi alikuwa muuza nyuzi, mama mnene mwenye sauti laini na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Duka lake lilibanana kati ya kinyozi na fundi saa. Ndani, ukuta mzima ulikuwa rafu za mbao zilizogawanywa visanduku visanduku, na kila kisanduku kilijazwa rangi moja, kuanzia sakafuni hadi darini. Macho hayana pazia. Fundi aliingia akiwa na nia ya kununua na kutoka, lakini alipovuka kizingiti mabega yalimlegea, na uchovu wa kijivu chote cha wiki nzima ukamwondoka. Alianza kugusa. Alichukua bonge hili akalisugua shingoni kujaribu ulaini wake, akarudisha, akachukua jingine.

"Hayo mengine yaache," Mama Marangi alimnong'oneza kana kwamba duka limejaa wezi. "Njoo uone kilichoingia leo. Na mzigo huu ukiisha umeisha, mwanangu. Hata mimi mwenyewe nikiutaka sitaupata."

Alimwekea mkononi bonge la sufu la rangi ya damu ya mzee. Lilikuwa zito, laini, na ndani ya wekundu wake mlikuwa na weusi wa mbali. Fundi hakuuliza mara mbili.

"Damu ya mzee?" Mzee Nati alisema alipoonyeshwa. "Na mzee mwenyewe katika nyumba hii ndiye mimi. Msije mkanikamua!"

Jioni ile ile Fundi alianza. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu; shingo ya soksi iliteremka mshono kwa mshono bila yeye kuitazama, na kesho yake alikuwa amefika kwenye kisigino. Hapo sindano moja ikapinda. Alikwenda kwa Mama Marangi kununua sindano tu, akarudi na sindano pamoja na uzi wa kijani kibichi wenye nukta za manjano. Akauweka kando ya soksi aliyoianza. Akainua huu, akainua ule. Ghafla damu ya mzee ikaonekana nzito, ya huzuni, haimfai mgonjwa. Alivuta ncha, akaifumua soksi yote.

Ule wa kijani aliufuma mpaka kifundoni, kisha akaona rangi zinajipanga vibaya. Akafumua. Ukafuata wa samawati, uliokuwa mwepesi mno. Akafumua. Jumapili ikaja, ikapita, ikaleta wenzake. Kila jioni Fundi alishika sindano, na kila jioni baba yake alimwona amejiinamia kazini, mtu mwenye bidii. Hakuna mtu angeweza kusema kwamba alikuwa amekaa bure.

"Mwanangu," mzee alimwambia siku moja, "kufuma na kufumua vinaachana kwa herufi moja tu. Naona wewe umeolewa na herufi hiyo."

"Baba nawe! Nataka upate kitu kizuri. Miguu yako imetembea sana, haistahili uzi wa ovyo."

"Inastahili soksi," mzee alisema, lakini kwa upole, na akageukia ukutani.

Ukweli ni kwamba mzee alikuwa akijivunia kufumiwa. Kila asubuhi alikokota viatu vyake hadi kwa kinyozi kupiga soga, na huko aliwaambia watu, "Binti yangu ananifumia soksi, mtaziona." Zile kuukuu zilikuwa zimekatika kabisa, alikwisha kuzitupa. Alikuwa akivaa viatu vitupu, kinyume cha agizo la muuguzi. Fundi alijua. Alimkemea mara moja, naye akamjibu kwa mzaha wake.

"Hailalamiki hii. Kama ni ya kulalamika, ingekuwa imeshalalamika."

Neno hilo lilimtuliza Fundi, kwa sababu alitaka kutulizwa. Akairudia damu ya mzee kwa mara ya pili, maana sasa, baada ya kuonja nyingine zote, aliiona ndiyo bora. Alihamishia kapu lake la nyuzi chumbani kwa baba yake, kwenye mkeka kando ya kitanda, kwa kuwa dirisha la huko lilikuwa na mwanga mzuri wa jioni.

Hata siku moja alipokuwa akifagia chumba kile, alisogeza kapu akaona doa kwenye mkeka. Lilikuwa kubwa kama kiganja, na jingine dogo lilikuwa pembeni mwa shuka iliyoning'inia. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee hasa. Fundi alishika kiuno. Alikaa kwenye kazi ya nyuzi miaka yote hiyo, na hakuna kitu kinachomchoma mfumaji kama kuuziwa uzi unaochuja rangi.

"Lo! Unachuja! Baba, tazama huyu mama alivyonitapeli! Rangi yote imeingia kwenye mkeka."

Mzee alikuwa amejilaza, amejifunika mpaka kidevuni. Tangu jana yake alisema ana ubaridi kidogo, na hakwenda kwa kinyozi. Alijaribu kuinua kichwa atazame, macho yake hayakuona mbali.

"Usigombane na watu kwa ajili yangu," alisema.

"Nitagombana! Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Akakusanya uzi, pamoja na soksi iliyokuwa kwenye sindano, akatoka mbiombio. Dukani alipaza sauti mpaka wateja wa kinyozi wakachungulia. Mama Marangi aliingia nyuma ya duka. Alileta beseni jeupe, akatia maji ya moto na sabuni, akauzamisha uzi mbele ya watu wote, akaukamua, akauzamisha tena. Kisha akautoa na kumsogezea Fundi beseni.

"Nionyeshe rangi."

Maji yalikuwa meupe vilevile. Ukiondoa povu, ungeweza kuyanywa.

"Uzi wangu hauchuji," Mama Marangi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na sukari. "Hilo doa lako si la hapa, mwanangu. Nenda kaangalie vizuri nyumbani."

Maneno hayo yalitosha kumrusha mtu mbio. Na kweli kitu kilimgonga Fundi kifuani, akakisikia, akakinyamazisha. Labda ni chai, aliwaza. Labda ni tope la viatu. Aibu ilikuwa imemjaa, hakujua pa kuficha uso. Mama Marangi alimwonea huruma, ama labda biashara ni biashara. Akamshika mkono.

"Haya, yaishe. Sisi si wa kugombana. Hebu shika huu, umeingia jana. Sijamwonyesha mtu."

Ulikuwa wa zambarau iliyoiva, na ndani yake umepita uzi mwembamba mweupe. Fundi aliusugua shingoni. Akaomba aone na mwenzake wa kahawia. Akasimama mlangoni auone kwenye jua, akarudi ndani auone kwenye kivuli. Alichagua, akachagua, mpaka fundi saa wa jirani akaanza kufunga milango yake. Mwishowe aliondoka na ule wa zambarau ndani ya mfuko, na moyo wake ukiwa umetulia kabisa.

Ni pale mkono wake ulipogusa komeo la mlango wa nyumbani ndipo lile wazo alilolinyamazisha lilipomrudia. Kama uzi hauchuji, katika chumba kile kuna nini kingine chenye rangi ile?

Alikimbia ndani, akaivuta shuka.

Kisigino cha mguu wa kulia kilikuwa kidonda kitupu, pale mshono mgumu wa kiatu uliposugua ngozi tupu siku nenda siku rudi. Kilikuwa na kina. Vidole viwili vimekuwa vyeusi, na wekundu mbaya ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo. Harufu ilimpiga usoni, harufu ambayo alikuwa ameidhania ya sufu mbichi. Fundi alipiga magoti akalia kwa sauti.

Mzee alikuwa akitetemeka kwa homa. Alimtazama binti yake kwa mshangao.

"Mbona unalia?" aliuliza. "Kuna nini huko chini?"

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. Alisema kidonda kile si cha leo wala cha jana, na sumu imeanza kupanda. Waukate mguu chini ya goti, au wampoteze mtu mzima. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mgonjwa alikuwa hana soksi. Fundi aliinamisha uso. Alikumbuka lile sanduku chini ya kitanda na lile kapu, na akatamani ardhi ipasuke immeze. Mzee ndiye aliyemjibu daktari.

"Zilikuwa njiani," alisema.

Mguu ulikatwa. Mzee alipozinduka aliukuta ubavu mmoja wa shuka umelala bapa. Alipapasa, akaelewa. "Jirani amekuja kuchukua chake," alisema hatimaye. Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Alifumba macho, na machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni. Fundi alikuwa hajawahi kumwona baba yake akilia, hata siku walipomzika mama.

Alirudi nyumbani, akalivuta sanduku la bati. Hakutazama. Aliingiza mkono, akatoa bonge la kwanza lililogusa vidole vyake, akachukua sindano na kurudi wodini. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda asubuhi ya kesho yake, akaanza. Hakuinua kichwa. Shingo ikashuka, kisigino kikageuzwa kikiwa kinene kama muuguzi alivyoagiza, wayo ukaenda, vidole vikafungwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimwangalia kama watu waangaliavyo mashine. Chai ya jioni ilipopitishwa, soksi ilikuwa tayari. Aliweza, jamani. Siku zote hizo alikuwa akiweza.

Alimvisha baba yake mguu wa kushoto, polepole. Ilimkaa vyema, haikubana popote. Mzee alijikunja kwa shida, akaipapasa kwa vidole vya mkono, maana mguu wenyewe usingemwambia kitu.

"Laini," alisema. "Mkono wa mama yako kabisa."

Fundi alijifuta macho kwa upande wa kanga. Kisha akaketi, akavuta uzi uliobaki, akaanza tena kuweka mishono kwenye sindano. Hakufikiri. Mikono ya mfuma soksi haijui kitu kinachoitwa moja. Ikimaliza ya kwanza huanza ya pili, ndivyo ilivyofunzwa tangu utotoni. Mzee alimtazama kwa muda. Aliona mishono ikijipanga, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili, shingo inaanza kuonekana.

"Ya nani hiyo, mwanangu?" aliuliza.

Sindano zilisimama. Fundi aliangalia alichokishika, akaangalia pale shuka ilipolala bapa. Katika rafu zote za duka lile hapakuwa na uzi wa kufumia mguu. Ama kweli, mchagua jembe si mkulima.